Chagua Mradi wa Kielektroniki Utakaoumaliza

Wengi wanaoanza elektroniki kama burudani huanzia dukani. Hununua bodi ya Arduino, kifurushi cha vihisi na waya za rangi rangi, kisha ndipo hujiuliza watengeneze nini. Nakushauri uanzie upande wa pili. Kabla hujafika kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo au Luthuli Avenue, chukua daftari, na kwa muda wa wiki hivi andika kila kero ya nyumbani ambayo kifaa kidogo kingeweza kuishughulikia. Simtanki linafurika kwa sababu aliyewasha pampu amesahau kuizima. Taa ya nje inawaka hadi saa nne asubuhi. Betri ya sola iliyonunuliwa kwa pesa nyingi inakufa kabla ya wakati wake. Kuku wanaatamia ovyo na mayai yanaharibika. Redio ya bibi inamaliza betri kavu kila baada ya siku chache.

Kero ya kweli ina faida moja ambayo mradi wa kuigwa kwenye video hauna: itakukumbusha kila siku kwamba kazi haijaisha. Siku utakapochoka, na utachoka, simtanki litafurika tena nawe utarudi mezani.

Sasa punguza orodha.

Chukua kero moja uiandike upya kwa sentensi yenye namba. "Nataka kulinda betri" bado ni matamanio. "Betri ya volti 12 ikishuka hadi volti 11.8 kifaa kilie, na ikipanda tena hadi volti 12.6 kinyamaze" ni kazi. Ukishaiandika hivyo unajua unapima nini, uamuzi unafanyika wapi, na utatambuaje kwamba umefaulu. Kero isiyokubali kuandikwa kwa namba iache daftarini kwanza. Huenda ni nzuri, lakini bado hujaielewa vya kutosha kuichorea saketi.

Sentensi hiyo hiyo itakuambia kama unahitaji maikrokontrola. Uamuzi mmoja wa aina ya "ikishuka chini ya hapa, fanya hivi" unamalizwa na komparata kama LM393, chipu ya miguu minane inayouzwa karibu kila duka la vipuri. Kuwasha kitu kwa sekunde kadhaa kisha kukizima ni kazi ya 555, ambayo Hans Camenzind aliisanifu mwaka 1971 kwa ajili ya kampuni ya Signetics na hadi leo inauzwa. Arduino, iliyoanzia mji wa Ivrea nchini Italia mwaka 2005, inastahili nafasi yake pale kazi inapodai kuhesabu muda mrefu, kuweka kumbukumbu, kulinganisha vihisi kadhaa au kutuma ujumbe. Siipingi hata kidogo. Ila bodi ya Uno inakula takriban miliampea 50 hata ikiwa haifanyi lolote, na kwenye kifaa kinachoishi kwa betri usiku na mchana hiyo ni zaidi ya ampea-saa moja kila siku. Anayejua kutatua jambo kwa transista mbili ana uhuru wa kuchagua, na uhuru huo hupatikana kwa kuanza na saketi ndogo ambazo kila waya wake unaweza kuueleza.

Swali linalofuata mimi hulipa uzito kuliko yote: utaweza kukijaribu kifaa hiki mara ngapi kwa jioni moja?

Tazama mashine ya kutotolesha vifaranga. Ni mradi unaopendwa sana Afrika Mashariki, na sababu zake zinaeleweka. Kwa maelezo ni rahisi: joto la nyuzi 37.5 kwa siku 21, unyevu wa kutosha, mayai yageuzwe kila siku hadi siku ya 18. Lakini jaribio moja kamili linachukua wiki tatu na trei ya mayai. Ukikosea kuchagua kihisi hutajua hadi mayai yameoza. DHT11, kihisi cha bei ya chini kinachokuja kwenye vifurushi vingi vya wanaoanza, kinaweza kukosea nyuzi mbili juu au chini, na nyuzi mbili juu zinatosha kuua vijusi. DS18B20 hukosea nusu nyuzi tu, kwa hiyo ndicho cha kutafuta. Ongeza umeme kukatika usiku wa manane, na balbu ya kupashia joto inayotumia umeme wa ukutani, na utaona kwamba hapa kuna miradi minne iliyovaa jina moja.

Kama moyo wako uko kwa vifaranga, usiuache mradi huo, umege. Tengeneza kidhibiti joto kinachowasha na kuzima balbu ya gari ya volti 12 ndani ya boksi la karatasi ngumu, bila yai hata moja, na balbu ikae mbali na karatasi. Hiyo unaweza kuijaribu mara kumi kwa jioni moja. Balbu ikiwaka na kuzima kwa utulivu na kipimajoto cha pili kikakubaliana na cha kwanza, umemaliza sehemu ngumu, na mayai yanaweza kusubiri.

King'ora cha simtanki ni kinyume cha mashine ya kutotolesha: ndoo ya maji na mkono wako vinatosha kukijaribu. Onyo moja tu. Michoro mingi hutumbukiza waya mbili za shaba majini na kutegemea maji yapitishe umeme. Itafanya kazi leo, lakini mkondo wa moja kwa moja majini hula waya wa upande chanya, na baada ya muda utakuta ncha ya kijani isiyopitisha kitu, huku maji ya familia yakiwa yamepokea shaba hiyo. Tumia swichi ya boya, ile yenye sumaku ndani, ambayo umeme wake haugusi maji. Kwa anayeanza kabisa, boya, baza na betri ni mradi wa heshima.

Kuna miradi ya kuifuta hata kama inavutia. Kwanza ni kila kinachokutaka ufungue au uunge umeme wa ukutani moja kwa moja. Volti 230 zikishapita kwenye dayodi na kuingia kwenye kapasita ya pawa saplai huwa kama volti 325, na kapasita hiyo inaweza kubaki imejaa baada ya kuchomoa plagi. Acha adapta ya kununua ibebe sehemu hiyo, wewe uanzie kwenye volti 12 au 5 zinazotoka kwake. Pili ni transfoma ya maikrowevu, inayotoa volti zipatazo 2,000 na mkondo wa kutosha kuua. Mafundi wazoefu wamekufa nayo. Tatu, usisanifu chaja yako mwenyewe ya betri za lithiamu mwanzoni, kwa sababu seli ya lithiamu hukoma kwenye volti 4.2 na ukiivusha hapo inaweza kuwaka moto. Moduli ya TP4056 hufanya kazi hiyo vizuri. Na kisambaza mawimbi cha FM, hata kidogo, huingia kwenye masafa yanayohitaji leseni. Kipokezi ni halali na kina mafunzo tele.

Mradi ambao ningekuchagulia

Ukiniambia nikuchagulie mmoja, nitakupa mlinzi wa betri ya sola. Nyumba nyingi zisizofikiwa na gridi, na hata zilizofikiwa lakini zinakatiwa mara kwa mara, zina betri ya asidi ya volti 12 mahali fulani. Betri hizi hufa mapema hasa kwa sababu moja: zinanyonywa hadi chini kabisa kisha kuachwa katika hali hiyo. Salfeti ya risasi inayojitengeneza kwenye bamba wakati wa kutumia umeme hugeuka fuwele ngumu ikikaa muda mrefu, na chaji inayofuata haiwezi kuiyeyusha yote. Kila mara betri inapoteza sehemu ya uwezo wake isiyorudi. Kifaa kinachopiga kelele kabla ya kufika huko kinaokoa pesa halisi.

Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7. Ikifika 11.8 huku inabeba taa ndogo tu, imekaribia kwisha. Kwa hiyo saketi yako inahitaji kulinganisha betri na kitu kisichobadilika. Kitu hicho ni TL431, inayofanana na transista ya miguu mitatu na inayoshikilia volti 2.5 kwa uaminifu mkubwa. Iunge ilishwe na betri kupitia rizista ya omu 4,700, itapata miliampea mbili, na inahitaji moja tu ili itulie.

Sasa gawa volti za betri ziwe ndogo. Juu weka rizista ya omu 33,000 ikifuatiwa na volyumu (rizista ya kuzungusha) ya omu 10,000, chini weka rizista ya omu 10,000. Fanya hesabu mwenyewe: volyumu ikiwa sifuri, kiungo cha katikati kitafika volti 2.5 betri ikiwa 10.75; volyumu ikiwa imefunguliwa yote, kitafika hapo betri ikiwa 13.25. Lengo lako liko kati ya hapo. Peleka kiungo hicho kwenye mguu chanya wa LM393, na volti 2.5 za TL431 kwenye mguu hasi. Betri ikishuka, mguu wa kutokea wa LM393 unavutwa chini, na taa ya LED iliyounganishwa kutoka chanya ya betri kupitia rizista ya omu 2,200 inawaka. Baza usiiunge hapo moja kwa moja. Chipu hii haiwezi kubeba mkondo mwingi, kwa hiyo weka transista ya BC557 iibebee mzigo.

Ukiishia hapo, kifaa kitakusumbua kwa namna itakayokufundisha. Betri ikifika 11.8 baza inalia, wewe unazima taa moja, betri inapumua na kupanda hadi 11.9, baza inanyamaza, unawasha taa, inalia tena. Kinachokosekana ni pengo kati ya mahali pa kulia na mahali pa kunyamaza. Unga rizista ya omu 470,000 kutoka mguu wa kutokea kurudi mguu chanya. Rizista hiyo moja inaleta pengo la takriban volti 0.8, na ndiyo maana ile sentensi yetu ilisema 11.8 na 12.6. Rekebisha volyumu baada ya kuiweka, kwa sababu inasogeza kidogo mahali pa kuamulia. Ukielewa kwa nini rizista moja ilituliza saketi nzima, utaitambua tabia hiyo hiyo kwenye friji, kwenye pampu ya tangi na kwenye kile kidhibiti joto cha vifaranga.

Kujaribu hakuhitaji kunyonya betri usiku kucha. Chaja ya zamani ya laptopu inayotoa volti 19, chipu ya LM317, rizista ya omu 240 na volyumu ya omu 5,000 vinakupa betri ya bandia unayoweza kuipandisha na kuishusha kwa vidole. Weka kapasita ndogo kwenye maingilio na matokeo ya LM317, zungusha polepole huku mita ikiwa imeungwa, uandike baza inalia wapi na inanyamaza wapi. Rudia hadi namba ziwe zile zile. Hiki ndicho nilichomaanisha kwa kujaribu mara nyingi kwa jioni moja.

Ukishaiamini, utatamani ikate umeme yenyewe badala ya kulia tu. Hapo wengi huweka rilei, na kabla hujaweka, piga hesabu. Rilei ndogo ya volti 12 hula karibu miliampea 30 muda wote inaposhika. Kwa saa 24 hizo ni ampea-saa 0.72. Kama betri yako ni ya ampea-saa 7, mlinzi anakula moja ya kumi ya betri kila siku. Saketi yetu ya kulia tu, ikiwa kimya, inakula kama miliampea 3, yaani ampea-saa 0.07. Tumia mosfeti kama IRFZ44N kukata upande hasi wa mzigo: lango lake halili mkondo wa kuhesabika, na kwa taa chache za LED haipati joto la kukutisha. Lakini hili liwe toleo la pili. Toleo la kwanza lilie tu, likae wiki kadhaa kando ya betri, nawe ujifunze nyumba yako inatumiaje umeme.

Kununua

Chora saketi kwanza, kwa penseli au kwa KiCad, ambayo ni programu ya bure, kisha andika orodha na uende nayo dukani. Uliza kila kipuri kwa namba yake kamili. Muuza duka akikupa mbadala, usikatae wala usikubali papo hapo. Tafuta datashiti yake kwenye simu uangalie mambo matatu: volti za juu kabisa, mkondo wa juu kabisa, na mpangilio wa miguu. BC547 na 2N2222 zinaweza kubadilishana kwenye saketi nyingi ndogo, lakini ya kwanza inaishia miliampea 100, na miguu yao mara nyingi imepangwa kinyume.

Mradi ambao nusu ya vipuri vyake lazima viagizwe kutoka China si mbaya, ila haufai kuwa wa kwanza. Kipuri kikiungua, na kitaungua, unataka kingine kesho.

Rizista, transista na dayodi nunua zaidi ya mahitaji, maana ni bei ndogo. Pesa zako ziweke kwenye mita na pasi ya kulehemu yenye ncha inayobadilishwa. Mita ya bei nafuu inatosha, mradi ujue kwamba nyingi kati ya hizo hazina fyuzi kwenye tundu la ampea 10: ukisahau waya hapo kisha ukagusa ncha mbili za betri, umetengeneza shoti. Usinunue betri ya 18650 iliyoandikwa miliampea-saa 9,900. Seli bora za ukubwa huo zinazotoka kwenye viwanda vinavyoaminika hubeba karibu 3,500, kwa hiyo aliyeandika namba hiyo hakupima kitu.

Vipuri vya bure pia vipo. Redio iliyokufa, printa, pawa saplai ya kompyuta: mara nyingi vina transfoma, swichi, mabati ya kupoozea na waya nzuri. Fundi redio wa mtaani kwenu ana ndoo ya bodi mbovu, na ukienda kwa adabu ukakaa naye mchana mmoja utaondoka na vipuri pamoja na ujuzi wa kuvitoa bila kuvichoma. Kapasita kuukuu zilizovimba kichwani zitupe bila kuzijaribu. Bodi ya pawa saplai iguse baada ya kupima kapasita kubwa kwa mita na kusoma sifuri.

Kutoka bredibodi hadi kwenye boksi

Bredibodi ni ya kuthibitisha wazo, na mguso wake hulegea. Saketi ikifanya kazi hapo, ihamishie kwenye veroboda na uilehemu siku hizo hizo, kwa sababu miradi mingi mizuri hufia kwenye bredibodi: mtu anachomoa vipuri kwa ajili ya wazo jipya na la zamani linapotea. Lehemu kipande kwa kipande kwa mpangilio uliotumia kubuni. Kwa mlinzi wetu, anza na TL431 pekee, pima volti 2.5, ndipo uongeze rizista za kugawa volti, upime, ndipo chipu. Tumia soketi ya chipu; kutoa chipu iliyolehemiwa miguu minane ni adhabu.

Usiiunge kwenye betri bila fyuzi. Betri ya asidi, hata ndogo, ikipigwa shoti hutoa mkondo wa kuyeyusha waya na kuwasha moto. Fyuzi ya nusu ampea inatosha saketi ya kulia, na ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri, maana waya ulio kabla ya fyuzi haulindwi na kitu.

Boksi lolote la plastiki linafaa. Toboa tundu la LED, la baza, la waya, na jingine dogo la kupitishia bisibisi hadi kwenye volyumu ili usilazimike kufungua kila mara. Kwa nje andika wapi ni chanya, wapi ni hasi, na namba mbili: 11.8 na 12.6. Kwa ndani ya kifuniko bandika nakala ya mchoro yenye thamani za vipuri na volti ulizopima kwenye kila kiungo siku kifaa kilipofanya kazi vizuri. Kifaa kikigoma mwaka ujao, wewe au fundi yeyote atafungua, atapima kiungo kimoja kimoja kwa kulinganisha na karatasi hiyo, na atajua ndani ya dakika chache ni kipuri gani cha kubadilisha.

Kisha rudi kwenye daftari la kero. Simtanki bado linafurika.